Usinunue Kamera ya Giza Kabla ya Kuupima Mwanga Wako

Anayekwenda kununua kamera yake ya kwanza ya kazi, iwe Kariakoo au kwenye maduka ya Luthuli Avenue kule Nairobi, kwa kawaida huwa na swali moja mdomoni: ipi inaona vizuri gizani? Swali hilo halikuzuka bure. Kazi nyingi zinazomlipa mpiga video wa kwetu hufanyika jua likishazama: harusi, sendoff, maulidi, mkesha wa Injili, uzinduzi wa albamu. Video ikitoka imejaa chenga, mwenye shughuli hataki kusikia habari za taa za ukumbi. Amelipa, na anataka mama yake aonekane sura. Kwa hiyo mnunuzi hujikakamua, hukopa, hununua kamera iliyosifiwa kwa usiku, kisha huifunga lenzi yoyote ambayo fedha iliyobaki inaweza kuilipia. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba utaratibu huo umegeuzwa juu chini. Fedha ya kwanza ilipaswa kwenda kwenye lenzi, ya pili kwenye taa, kamera ikafuata. Na hata hapo kamera isichaguliwe kwa giza peke yake, kwa sababu baadhi ya mambo yanayoifanya iwe hodari usiku ndiyo yanayoisumbua saa sita mchana.

Tuanze na mwanga wenyewe, maana macho hutudanganya. Jicho hujirekebisha kimyakimya, kiasi kwamba mtu akitoka uani akaingia sebuleni haoni kuwa ameacha nyuma karibu mwanga wote. Kipimo cha lux kinalionyesha hilo wazi. Mshumaa mmoja ukiwa mita moja kutoka usoni hutoa lux 1. Sebule yenye taa za kawaida usiku huwa na lux 50 hadi 150, ofisi 300 hadi 500, na jua la mchana lisilo na wingu hufika lux 100,000. Mbalamwezi ya usiku wa kumi na tano, tunayoiona kuwa inang'aa, haifiki hata nusu lux. Wapiga picha huhesabu tofauti hizi kwa stopu: kila mwanga unapoongezeka mara mbili, ni stopu moja, unapopungua nusu, ni stopu moja pia. Kutoka lux 50 hadi 100,000 ni mara 2,000, yaani stopu 11. Harusi moja hulipita pengo hilo lote ndani ya siku moja, kwa kamera ileile: maharusi wanapigwa picha ufukweni mchana, msafara wa magari unapita barabarani jioni, halafu wote wanaingia ukumbini ambako taa kubwa zimezimwa ili taa za rangi zipendeze, na humo mara nyingi kuna giza kuliko sebule.

Sasa tazama lenzi inafanya nini katika pengo hilo. Lenzi nyingi zinazouzwa pamoja na kamera hufungua tundu lake hadi f/3.5 zumu ikiwa pana, na ukivuta mbali tundu linabana hadi f/5.6. Namba hizi huwakanganya wengi kwa kuwa ndogo ndiyo tundu kubwa. Ukiondoa lenzi hiyo ukaweka ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo karibu kila kampuni huitengeneza na kwa kawaida ni miongoni mwa lenzi zake za bei ya chini kabisa, mwanga unaoingia unakuwa karibu mara 10 ya ule wa f/5.6. Hizo ni zaidi ya stopu 3. Kwa lugha ya ISO, yaani kipimo cha unyeti wa kamera kwa mwanga, picha iliyokulazimisha kupanda hadi 12,800 sasa inatosheka na 1,600 au chini kidogo. Linganisha na faida ya kubadilisha kamera. Kuhama kutoka sensa ya APS-C, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, kwenda sensa ya fremu kamili yenye milimita 36 kwa 24, kunakupa eneo kubwa zaidi kwa mara 2.35 hivi. Hiyo ni stopu moja na ushei. Bei ya kuhama huko ni mara nyingi ya bei ya lenzi ile ndogo, na bado lenzi zako za zamani huenda zisitoshe kwenye sensa mpya, ukaanza kununua upya.

Historia ya sinema inaunga mkono hesabu hii. Stanley Kubrick alipotengeneza Barry Lyndon, iliyotoka mwaka 1975, alitaka vyumba vya karne ya 18 vionekane kwa mwanga wa mishumaa. Filamu za wakati huo zilikuwa na uwezo mdogo mno ukilinganisha na kamera yoyote unayoweza kuinunua leo. Alichotegemea kilikuwa lenzi ya Zeiss ya milimita 50 yenye f/0.7, iliyobuniwa kwa ajili ya shirika la anga la Marekani, NASA, pamoja na mishumaa mingi sana. Lakini mfano huohuo unafundisha pia mpaka wa dawa hii. Kwa tundu pana kiasi hicho, eneo lililo kwenye fokasi likawa jembamba sana, na waigizaji ikabidi wakae karibu bila kusogea. Nawe utakutana na jambo hilohilo. Lenzi ya milimita 50 kwenye fremu kamili, ikiwa f/1.4 na mtu yuko mita 2, huacha sentimita 13 hivi tu zenye kuonekana sawasawa. Ukiweka ya milimita 85, zinabaki kama sentimita 5. Bwana harusi akiinama kidogo kumlisha mwenzake keki, jicho lake limeshatoka nje ya fokasi.

Hapo ndipo sifa kubwa ya kamera za fremu kamili inapohitaji kuangaliwa upya. Inasemwa, na ni kweli, kwamba sensa ya fremu kamili ina eneo karibu mara nne ya sensa ya Micro Four Thirds ya kina Panasonic GH, hivyo inaizidi kwa stopu 2 tundu la lenzi likiwa sawa. Lakini tundu halibaki sawa kazini. Ukiwa na watu wawili wanaosogea, kwenye fremu kamili utalazimika kubana hadi f/2.8 ili wote waonekane. Mwenzako mwenye sensa ndogo anapata kina kilekile cha fokasi akiwa f/1.4. Amepata stopu 2 kwenye lenzi, wewe umezipata kwenye sensa, mnamaliza sawa. Faida ya sensa kubwa inarudi pale tu unapokubali fokasi nyembamba, au unapomiliki lenzi pana ambazo mwenzako hana mfano wake. Kwa mahojiano ya mtu mmoja aliyekaa, kubali. Kwa kuwafuata maharusi wanaoserebuka kuelekea meza kuu, huwezi kukubali, na stopu zako mbili ulizozilipia ghali zimebaki kwenye mkoba.

Kuna mambo ya kamera yenyewe ambayo yana uzito halisi gizani, na ni haki kuyataja. Wingi wa megapikseli haumo. Video ya 4K inahitaji nukta 3,840 kwa 2,160, yaani milioni 8.3 tu, ndiyo maana Sony walipotoa a7S mwaka 2014 waliiwekea megapikseli 12, na Panasonic mwaka 2018 wakatoa GH5S yenye 10 baada ya GH5 yenye 20. Muuzaji akikusifia megapikseli 45 kwa ajili ya video, anazungumzia picha za mnato. Jambo la kuuliza ni kama kamera ina ISO mbili za msingi. Teknolojia hii ilijulikana kupitia VariCam 35 ya Panasonic, iliyokuwa na 800 na 5,000, kisha ikashuka hadi kamera za bei ya kawaida: Blackmagic Pocket 4K ya mwaka 2018 ina 400 na 3,200, Sony FX30 ina 800 na 2,500, FX3 ina 800 na 12,800 inaporekodi kwa logi, yaani kwa rangi zilizofifishwa ili zirekebishwe baadaye. Maana yake kwa vitendo ni kwamba sensa ina njia mbili za kukuza mawimbi yake, na ukiingia kwenye njia ya pili chenga hupungua ghafla. Mwenye FX3 anayeogopa namba kubwa na kubaki 6,400 anaweza kupata video chafu kuliko angeenda moja kwa moja 12,800. Wengi wanaolalamikia kamera hizi hawajasoma ukurasa huo mmoja wa kitabu cha maelekezo.

Fokasi otomatiki nayo ihesabiwe kama sifa ya usiku, kwa sababu gizani ndipo inapoanza kutangatanga. Kamera za Panasonic za kabla ya S5II, iliyotoka mwaka 2023, zilitegemea njia ya kulinganisha ukolevu wa picha, na njia hiyo huwinda mbele na nyuma taa zikififia. Blackmagic Pocket haimfuati mtu kabisa. Utazungusha lenzi kwa mkono. Kwa anayefanya kazi peke yake usiku kucha, udhaifu huu unaweza kuharibu picha nyingi kuliko chenga.

Tutoke sasa nje, kwenye jua. Ushauri mwingi wa kununua kamera huishia usiku, kana kwamba mchana kila kamera ni nzuri. Fanya hesabu. Video inayotembea kwa ulaini wa kawaida hutaka shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde unaporekodi fremu 25 kwa sekunde. Kamera nyingi zinazosifiwa kwa giza, zikiwekwa kwenye logi, zina ISO ya msingi ya 640 au 800. Ukitaka f/2.8 ili nyuma ya mtu pafifie, chini ya jua kali picha itakuwa imezidiwa mwanga kwa stopu 9, yaani mara 512. Kwa ISO 100 ingekuwa stopu 6. Kwa maneno mengine, unyeti ulioununua kwa ajili ya ukumbi umekuongezea stopu 3 za tatizo ufukweni. Asiyejua hili hupandisha shata hadi 1/4000, na mikono ya mpiga ngoma inaanza kuonekana ikirukaruka vipandevipande badala ya kutiririka. Au anabana tundu hadi f/22, na picha yote inapoteza makali.

Dawa yake ni filta ya ND, miwani ya jua ya kamera. Kamera za kazi za tangu zamani zimejengewa filta hizi ndani, unabonyeza swichi tu: Canon C70 inazo, Sony FX6 ina filta ya kielektroniki inayopunguza kutoka stopu 2 hadi 7, na hata kamera ndogo ya mkononi kama Sony AX700, yenye sensa ya inchi moja tu, inazo. FX3 na ndugu zake wa a7 hawana. Mnunuzi wa FX3 aweke kwenye bajeti filta nzuri ya kufunga mbele ya lenzi tangu siku ya kwanza. Zile za kuzungusha za bei ya chini huacha alama nyeusi ya msalaba katikati ya picha ukizifikisha mwisho, na hubadilisha rangi ya ngozi. Nunua moja nzuri ya kipenyo kikubwa, kisha ringi za kuiunganisha na lenzi ndogo. Kwa anayerekodi mechi za shule, mahafali viwanjani na mikutano ya hadhara ya mchana, AX700 au kamera ya aina yake, yenye zumu ndefu na filta ndani, itafanya kazi safi kuliko kamera ya fremu kamili yenye bei mara mbili. Atakayemcheka kwa udogo wa sensa atakuwa hajawahi kumfuata mshambuliaji kutoka goli hadi goli kwa lenzi ya milimita 50.

Jua lina adha nyingine: joto. Kamera ndogo zinazorekodi 4K hupata moto ndani, na Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari hazina pa kuutoa. Canon R5 ya mwaka 2020 ilijulikana kwa kujizima katika rekodi zake nzito. Kamera yenye feni, kama FX3 au S5II, ina utulivu zaidi. Ulizia pia kama inakata kurekodi ikifika dakika 29 na sekunde 59, ukomo uliowekwa na watengenezaji kwa sababu ya ushuru wa forodha wa Ulaya. Kamera nyingi za zamani unazokutana nazo za mtumba bado zina ukomo huo, na hotuba ya mjomba haina.

Lakini kama kuna jambo ambalo ningetaka msomaji wa kwetu alipe uzito kuliko yote, ni nyuso. Wenye ushauri mwingi wa kamera hupima kwa ngozi nyeupe. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kidogo zaidi, na kwetu mara nyingi imewekwa katikati ya gauni jeupe la bibi harusi, kanzu nyeupe, kuta nyeupe za Mji Mkongwe. Kamera ikiachwa ijipimie yenyewe huona weupe ule mwingi, inapunguza mwanga, na uso unazama. Ubaguzi huu una historia ndefu: kwa miongo kadhaa maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kadi za Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke mweupe, na mwishoni mwa miaka ya 1970 mwongozaji Jean-Luc Godard, akiwa kazini Msumbiji, alikataa filamu ya Kodak akisema haikutengenezwa kwa ajili ya watu weusi. Kamera za leo ni bora mno, lakini mazoea ya kupima yamebaki. Mistari ya pundamilia kwenye skrini, inayoonyesha sehemu za picha zilizofikia kiwango fulani cha mwanga na ambayo vitabu vingi huiweka kwenye asilimia 70 kwa ajili ya uso, itakufanya uunguze uso mweusi au ukate tamaa nayo. Iweke kati ya 45 na 55 kwa ngozi nyeusi katika picha ya kawaida isiyo ya logi, na uangalie gauni lisipite 95. Pengo kati ya uso na gauni ndilo linalokuambia kamera yako ina upana gani wa mwanga, na upana huo, yaani uwezo wa kushika kiangavu na kivuli kwa pamoja, una thamani mchana na usiku pia. Ningeununua kabla ya kununua ISO ya 100,000.

Ukumbi una mitego ya umeme ambayo kamera ghali haiiepuki yenyewe. Umeme wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ni wa Hz 50, hivyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kamera iliyotoka Marekani au iliyowekwa NTSC hurekodi fremu 30 au 60 kwa shata ya 1/60 au 1/125, na video inakuwa na mistari inayotembea. Badilisha menyu iwe PAL, tumia 1/50 au 1/100, tatizo linaisha kwa taa za kawaida. Kwenye jenereta isiyotulia au taa za LED zilizopunguzwa, tafuta kamera inayokuruhusu kurekebisha shata kidogokidogo. Taa za rangi ya buluu huijaza chaneli moja ya rangi hadi uso unageuka doa lisilo na umbo, hata kama kipimo cha mwanga kinasema uko sawa. Na miale ya leza ya DJ ikiingia moja kwa moja kwenye lenzi inaweza kuunguza sensa, doa lisilotoka milele.

Wapo watakaonipinga kuhusu taa. Watasema wageni hukereka, mpambaji ametumia siku mbili kupanga mwanga wake, na hakuna anayetaka kumulikwa kama mtuhumiwa. Wanayo hoja, kwa taa walizozizoea: balbu kali juu ya kamera, ikimpiga mtu usoni na kuacha ukuta wa nyuma mweusi. Taa ya LED inayoweza kupunguzwa, yenye kipimo cha usahihi wa rangi, CRI, cha 95 au zaidi, ikielekezwa kwenye dari nyeupe au kitambaa kipana pembeni, haimkeri mtu. Na ngozi nyeusi hupendeza zaidi kwa mwanga mpana wa ubavuni kuliko kwa mwanga mkali wa mbele. Njia nyingine haina gharama. Zungumza na DJ, MC na mpambaji kabla ya shughuli, uombe taa nyeupe au za manjano hafifu zibaki juu ya maharusi wakati wa kuingia, kulishana keki na kupokea zawadi, na buluu irudi wakati wa muziki. Kutoka lux 25 hadi 100 ni stopu 2, sawasawa na ile tofauti ya sensa ndogo na fremu kamili, na umeipata kwa mazungumzo ya dakika tano.

Wengine watasema chenga huondolewa na kompyuta. Ni kweli kwa kiasi. DaVinci Resolve katika toleo lake la kulipia ina zana ya kusafisha, na Neat Video hufanya kazi nzuri. Lakini huila kompyuta, hurefusha kazi ya usiku mmoja kuwa ya siku kadhaa, na ukizidisha, nyuso zinakuwa kama plastiki. Tena tukumbuke video zetu huishia wapi. Sehemu kubwa huonwa kwenye WhatsApp na YouTube, na mifumo hiyo hubana faili kwa kutafuta sehemu za picha ambazo hazikubadilika kutoka fremu moja hadi nyingine. Chenga hubadilika kila fremu, kwa hiyo mfumo hutumia nafasi yake yote kuzifuatilia na kuuacha uso ukivunjikavunjika kuwa mabaka ya mraba. Mwanga mdogo ulioongezwa ukumbini unasafiri hadi kwenye simu ya shangazi aliyeko Muscat. Kuhusu wale wanaosema simu ya kisasa inatosha kwa kuwa picha zake za usiku ni safi, tofauti iko kwenye muda. Simu ikipiga picha ya mnato usiku hukusanya fremu nyingi kwa sekunde kadhaa na kuziunganisha. Kwenye video, kila fremu lazima ikamilike ndani ya sehemu moja ya 25 ya sekunde, na sensa yake ndogo haina pa kujificha. Mchana simu inafanya vizuri sana, na kwa anayeanza na bajeti finyu ni kamera halali ya mchana.

Zipo kazi ambazo hoja yangu haizifiki, na sitaki kuzipuuza. Mwandishi wa habari anayefuata uokoaji usiku hawezi kuomba taa. Anayerekodi wanyama porini chini ya mbalamwezi hawezi kuwamulika bila kuharibu anachotaka kukionyesha. Mfululizo wa Earth at Night in Color wa mwaka 2020 uliwezekana kwa sababu kamera nyeti za kiwango hicho zipo. Canon walitoa mwaka 2015 kamera ya ME20F-SH yenye ISO inayozidi milioni 4, kwa bei ya karibu dola 30,000, na waliolengwa nayo walikuwa watu wa aina hiyo na walinzi wa usalama. Kama kazi yako ndiyo hiyo, nunua mwili wa kamera nyeti kuliko yote unayoimudu, bila kusita. Jiulize tu kwa uaminifu ni siku ngapi kwa mwaka utakuwa humo, kwa sababu kwa siku nne au tano kukodi kunatosha.

Kwa mpiga video wa shughuli, hukumu yangu ni hii: kamera ya APS-C au Micro Four Thirds yenye fokasi ya kuaminika, ISO mbili za msingi ikiwezekana, na feni; lenzi mbili za f/1.8 au f/1.4, moja pana na moja ya kuvuta karibu. Filta ya ND iliyo safi. Taa mbili ndogo za LED na stendi zake. Fremu kamili ije baadaye, kazi ikishailipia. Ukinunua ya mtumba, funga kifuniko cha lenzi, panda hadi ISO 6,400, rekodi dakika moja, kisha itazame kwenye skrini kubwa: nukta nyekundu au nyeupe zisizohama ni sensa iliyochoka au iliyopigwa leza. Halafu toka nje ya duka na kamera mkononi, mrekodi mtu mweusi aliyevaa shati jeupe akiwa juani, umrekodi tena kwenye kona yenye giza kuliko zote dukani. Muuzaji akikataa jaribio hilo, nenda duka la pili. Na kama huna haraka, ikodi kamera uliyoichagua kwa siku moja yenye harusi ya kweli, mchana hadi usiku. Gharama ya siku hiyo ni ndogo sana mbele ya bei ya kununua kamera isiyo yako.